Ndege ya Kawangware na Hewa Niliyoidharau

Vijana wa karakana, mliniomba niwaeleze kazi ya bati ilivyokuwa zamani. Najua mlitarajia habari za majiko na masanduku ya shule, na hizo ninazo tele. Lakini kilichonifunza kazi hii hakikuwa jiko. Lilikuwa pengo la upana wa vidole viwili ndani ya pua ya ndege, na nililiacha mimi mwenyewe, nikijua.

Ndiyo, ndege. Ilijengwa Kawangware, ndani ya banda la mabati lililokuwa la kuku, na iliruka.

Nilifika Nairobi kutoka upande wa Ziwa miaka michache baada ya uhuru. Nilipanga chumba Sarang'ombe, ndani ya Kibera, na kijana mwingine wa kwetu, tukawa tunatafuta vibarua. Siku ambazo kibarua kilikosekana nilikwenda kukaa Makina, Kibera hukohuko, nje ya kibanda cha Mzee Ramadhani, Mnubi aliyetengeneza ndoo, koroboi na mabomba ya kutolea moshi. Siku moja alichoka kuniona nimekaa, akanitupia mkasi wa bati. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Mzee Ramadhani hakuwa mtu wa kukusifu. Ukimaliza ndoo, aliijaza maji, akaiweka juu ya gazeti kavu, kisha akaenda zake msikitini kuswali. Akirudi anaangalia gazeti. Likiwa na doa, hata dogo kama mbegu ya pilipili, ndoo inarudi kwako, na hakuambii inavuja wapi. Utafute. Mara moja nilichoka kutafuta, nikaziba ufa kwa sabuni ya kufulia. Sabuni ilivumilia mpaka swala ikaisha, na ndoo ikauzwa. Kesho yake mama aliyeinunua aliirudisha ikiwa imelowanisha magodoro ya nyumba nzima. Mzee hakunipiga wala hakunitukana. Alinipeleka nikamchotee yule mama maji kwa wiki mbili, kutoka kwenye mfereji mpaka mlangoni kwake, kwa ndoo ileile.

Mngedhani mtu akishafunzwa hivyo hatarudia. Ngojeni.

Bwana Jagtar alikuwa Kalasinga mwenye gereji ya magari ya mashindano, njia ya kwenda Kawangware. Alinichukua miaka ya sabini ikiwa katikati, baada ya kuona nilivyomnyooshea boneti iliyokuwa imekunjwa kama karatasi ya peremende. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alichora kila kitu kwa chaki sakafuni kabla ya kugusa chuma. Nilikaa naye karibu mwaka mmoja nikitengeneza magari. Ndipo siku moja akaniambia nimfuate kwa Mama Njoki.

Mama Njoki alikuwa Mkikuyu mwenye ploti, na shamba lile lilikuwa la jamaa zake kabla mji haujafika huko. Alikuwa na vyumba vya kupangisha na kiti chake mwenyewe kanisani, na mbele ya vyumba vyote hivyo kulikuwa na lile banda la kuku alilompangisha Jagtar ili aweke gari. Nilipoingia niliona mwili wa ndege, wa mbao nyembamba na alumini, viti viwili ubavu kwa ubavu, bila pua. Mbawa zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Mama Njoki aliingia nyuma yetu akasimama akiziangalia.

“Jagtar,” alisema, “wewe uliniambia ni gari.”

“Ni gari, Mama. Barabara yake iko juu.”

Mama Njoki akasema kwamba basi asije akaegesha juu ya paa lake.

Michoro ya ndege ilikuwa imetoka ng'ambo kwa posta, lakini injini ilikuwa ya Jagtar mwenyewe. Aliitoa katika gari la Kijapani lililopinduka mashindanoni. Ilikuwa injini ya rotari. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna vitu viwili vyenye pembe tatu, kama mandazi ya chuma, vinavyozunguka kila kimoja ndani ya chumba chake. Ni nyepesi, ni ndogo, na ina nguvu ya kushangaza. Ubaya wake ni joto. Inapasha maji, inapasha oili kuliko injini nyingine yoyote niliyoigusa, na ekzosi yake hugeuka nyekundu kama makaa. Tena Nairobi tuko juu, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi haibebi joto vizuri. Michoro ya posta haikujua rotari wala Nairobi. Kwa hiyo pua yote ilikuwa juu yetu: wapi hewa iingie, ipite wapi, itokee wapi. Jagtar alifikiria, mimi nikakata bati.

Mara ya kwanza tuliifunga ndege mkiani kwa kamba kwenye mti wa mgrevilia, tukawasha injini. Kuku wa Mama Njoki waliohamishiwa nyuma ya nyumba hawakutaga wiki ile. Kabla dakika tano hazijaisha, maji yalikuwa yanachemka.

Mimi nikasema dawa ni rahisi: joto ni jingi, basi tuongeze hewa. Nilipanua midomo miwili ya mbele ambamo hewa iliingilia. Maji yakachemka. Nikapanua tena. Yakachemka mapema zaidi. Mwisho pua ya ndege ilifanana na kiboko anayepiga miayo, na bado tulikuwa tunazima injini kabla chai haijapoa.

Hapo Jagtar alileta kifaa ambacho nataka mkikumbuke, maana kinatengenezwa na takataka. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaukunja mfano wa kiatu cha farasi, akaufunga juu ya ubao na kutia maji yenye wino. Ncha moja aliipeleka mbele ya rejeta inayopoza maji ya injini, ncha nyingine nyuma yake. Hewa ikisukuma zaidi upande wa mbele, maji hushuka upande huo na kupanda wa pili, na tofauti ile ndiyo nguvu inayoilazimisha hewa kupita ndani ya rejeta. Tuliwasha injini, tukachungulia. Maji yalikuwa karibu sawa pande zote mbili. Mbele hewa ilikuwa imesongamana, nyuma pia imesongamana, na katikati hakuna kinachopita.

Tulikuwa tunaukodolea macho ule ubao wakati Mama Njoki alipotuletea uji. Majuma machache nyuma nilikuwa nimemfanyia kazi jikoni kwake. Moshi ulikuwa unamliza, na watoto wake walikuwa wamempanulia dirisha mara mbili bila faida, mpaka nilipotoboa paa na kusimamisha bomba. Alisikiliza maneno yetu, kisha akanigeukia mimi.

“Ouma, si ni wewe uliniwekea bomba? Hapa umefungua mlango ya mbele, umefungua tena, na huko nyuma umefunga. Sasa hewa itaenda wapi?”

Nilikuwa fundi wa mabomba ya moshi miaka kumi, nikafika kwenye ndege nikadhani ndege ni kitu kingine.

Basi tuligeuza kazi. Midomo ya mbele niliirudisha ikawa midogo kuliko mwanzo, ila nyuma ya kila mdomo nikatengeneza njia inayopanuka polepole mpaka ienee uso mzima wa rejeta. Hewa ikipanuka polepole inapunguza mbio na kusukuma kwa utulivu. Ukiipanua kwa ghafla inavurugika. Chini ya pua nilikata mlango mpana wa kutokea, na ukingo wake wa mbele nikauinamisha chini kama ukingo wa kofia, ili upepo unaopita nje uvute hewa ya ndani. Rejeta ya oili niliipa mdomo wake peke yake. Tulipowasha, maji ya wino yaliachana upana wa kiganja. Ilikuwa asubuhi ya Julai, baridi kali, na geji ya joto ilisimama pale tulipotaka. Jagtar aliitikia kwa kichwa taratibu, akaenda kunawa mikono. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa sherehe.

Hewa ni kiumbe mvivu. Ikipewa njia mbili, moja ya kujipenyeza katika mapezi ya rejeta na nyingine ya kupita kando bure, itapita kando. Kwa hiyo kuzunguka rejeta yote lazima uzibe, bati likutane na raba, raba ikutane na bati. Mimi nilikata tyubu za baiskeli nikaziba pande zote, isipokuwa pembe moja ya juu. Pale palikuwa na kishikizo cha mpira wa maji, na kuziba kulitaka kipande cha bati kilichopinda mara mbili. Ilikuwa siku ya kuipeleka ndege uwanjani, ule uwanja wa ndege ndogo ulio ng'ambo ya pili ya Kibera. Lori lilikuwa limeshafika na mbawa zilikuwa zimeshafungwa juu. Nililiangalia lile pengo. Vidole viwili. Nikajiambia kwamba geji ilikuwa imetulia, na kwamba hewa ni nyingi.

Jagtar aliuliza, kama alivyouliza kila siku, kama nimefunga kila mahali.

“Nimefunga,” nikasema.

Rubani alikuwa Kapteni Wekesa, Mluhya mpole aliyefanya kazi ya kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege. Alikuja kwetu kwa sababu tu alipenda injini ngeni. Aliizunguka ndege yetu mara tatu, akagonga hapa na pale, akatuuliza maswali ya kweli, akaandika majibu kwenye kijitabu. Yalipomalizika maandalizi ya uwanjani, ile baridi ilikuwa imekwisha na jua lilikuwa linachoma tangu saa tatu.

Alipaa vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi na Jagtar, naye ameshika kikombe cha chai. Ndege ilipanda, ikageuka, ikaendelea kupanda. Kisha mlio ukabadilika. Jagtar aliinama akakiweka kikombe chini. Tuliiona ndege ikirudi chini chini na moshi mweupe ukitoka puani. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Iligonga ardhi kwa nguvu, mguu wa kushoto ukapinda, ikaburura ubawa mpaka ikasimama. Wekesa alitoka mwenyewe, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya koti. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka, na mvuke ukapenya kwenye tundu la nyaya ukamchoma mkono ulioshika mtambo wa kuongeza mwendo wa injini. Hakuuachia mtambo, kwa sababu angeuachia asingeufikia uwanja.

Alipelekwa kutibiwa. Jagtar alikaa kwenye nyasi akasema kwamba kosa ni lake, kwamba alichagua rejeta ndogo, na kwamba alikaribia kuua baba wa watoto. Tulirudisha ndege Kawangware juu ya lori lilelile. Akamwambia Mama Njoki kuwa mwisho wa mwezi atarudishiwa banda lake la kuku.

Nilinyamaza siku tatu. Kila asubuhi nilitoka Sarang'ombe kwa miguu, nikavuka Ngong Road, na njia nzima nilipanga maneno. Nikifika nilimkuta ameshaanza kung'oa kitu kingine, na maneno yanarudi tumboni. Nilijiambia kwamba labda kweli rejeta ilikuwa ndogo. Nilijiambia kwamba mwenye gereji hawezi kufukuzwa, lakini fundi anaweza. Siku ya nne nilimkuta amefungua rejeta na kuiweka sakafuni, na kando yake amechora kwa chaki hesabu za rejeta kubwa zaidi, mistari na mistari, akitafuta kosa katika hesabu ambayo haikuwa na kosa. Hilo ndilo nililoshindwa kulitazama.

Nikamwambia. Nilimwambia pengo lilikuwa wapi, upana wake, na kwamba nililiona kabla lori halijaondoka.

Aliirudisha rejeta mahali pake, akaleta pangaboi kubwa la gereji akaliweka mbele ya pua, akawasha kipande cha gunia kitoe moshi. Tulichungulia pamoja. Moshi uliingia mdomoni, ukafika mbele ya rejeta, halafu karibu wote ukapinda kuelekea ile pembe ya juu, kama watu waliosikia kwamba lango la nyuma liko wazi. Ardhini, kwenye baridi, kilichobaki kilitosha. Juu, kwenye jua, injini ikivuta kwa nguvu zake zote, hakikutosha.

Jagtar alizima pangaboi.

“Ouma, hii pengo mimi nitasamehe,” alisema. “Pengo iko kwa kila ndege. Lakini nilikuuliza, na wewe ulisema umefunga. Kesho nikikuuliza tena, nitasikia nini?”

Kisha akasema kwamba Wekesa ataambiwa, lakini si na yeye, bali na mimi.

Kapteni aliishi katika nyumba za wafanyakazi karibu na uwanja. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea chai. Wekesa alishika kikombe chake kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Nilimweleza yote bila kujitetea, maana njiani nilikuwa nimeshatupa utetezi mmoja baada ya mwingine. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Aliuliza swali moja tu: kuliziba lile pengo kungechukua muda gani?

“Nusu saa,” nikasema.

“Ningekungoja,” akasema.

Nimeishi miaka mingi na neno hilo. Laiti angenitukana.

Sasa sikilizeni habari ya matengenezo, kwa sababu majuto peke yake hayapozi injini. Kile kipande cha kupinda mara mbili nilikitengeneza mara nne mpaka kikakaa. Halafu tulipokuwa tunachungulia kwa moshi tuligundua kosa la pili, na hili lilikuwa letu sote. Kabureta ilikuwa inavuta pumzi nyuma ya rejeta, ndani ya boneti, mahali ambapo hewa imeshapata moto. Injini inataka hewa baridi, kwa maana hewa baridi imeshikamana, na pumzi moja inakuwa na chakula zaidi. Sisi tulikuwa tunaipa hewa iliyochoka. Nikatengeneza bomba la peke yake kutoka shavu la kushoto la pua, lenye kona za mviringo bila ncha kali hata moja, likaingia kwenye kisanduku kilichofungwa kwa raba, ndani yake chujio la sponji lililopakwa oili kwa ajili ya vumbi. Ekzosi tuliijengea ngao ya bati ili isikipashe moto kisanduku. Siku hizi nyinyi mngelifanya bomba hilo kwa faiba, vitambaa na gundi, kwa siku moja, tena lingekuwa jepesi zaidi. Sina ugomvi na faiba. Lakini mkono ukiwa umepitia ndani ya bomba la bati, unajua hewa inakwaruzwa wapi.

Mzee Ramadhani alikuwa ameshaanza kuugua wakati huo. Nilimpelekea lile bomba alione kabla sijalifunga. Aliliziba upande mmoja kwa kiganja, akaweka mdomo upande wa pili, akapuliza na kusikiliza. Akanirudishia bila neno. Niliondoka Makina nikitembea kama mtu aliyepewa shahada.

Mama Njoki hakulidai banda. Mwezi uliisha, ukaja mwingine, na hakuna aliyemkumbusha.

Tuliutengeneza mguu na ubawa, tukairudisha ndege uwanjani. Wekesa alirudi bendeji zikiwa zimetolewa, ngozi ya mkono ikiwa mpya na ya waridi. Sikutarajia arudi. Kabla ya kupanda alifungua boneti, akapitisha vidole vya mkono uleule kuzunguka rejeta, polepole, kila pembe. Kisha akaniuliza kama nimefunga kila mahali. Nilimwambia ngoja kidogo, nikaangalia tena mwenyewe kwa tochi, ndipo nikajibu. Alipaa peke yake siku ile, na siku kadhaa zilizofuata, akizunguka uwanja tu. Geji ikatulia.

Kilichobaki kilikuwa jaribio la mwisho: kupanda juu kwa muda mrefu, jua likiwa kali, ndege ikiwa na uzito wa watu wawili, kwa maana hapo ndipo joto hutoa siri zote. Jagtar alikuwa na mifuko ya mchanga tayari ya kuweka kwenye kiti cha pili. Wekesa aliiangalia ile mifuko, akaniangalia mimi.

“Mchanga hauwezi kunisomea geji,” alisema. “Panda, Ouma.”

Sikuwa nimewahi kupanda hata ghorofa ya nne. Jagtar alinifunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili kuhakikisha, na hakuniuliza kitu. Wekesa alisukuma mtambo, nyasi zikakimbia nyuma, na kitako changu kikaniambia kwamba hatuko chini tena.

Tulipanda. Nilimsomea sindano ya maji, sindano ya oili, maji, oili, kama mtu anayesali rozari. Ya maji ilipanda, ikafika pale ilipofika siku ya ajali. Ikasimama. Nikahesabu mpaka mia moja, bado imesimama. Wekesa alinigusa bega akaniambia niangalie nje, kwamba Kibera yote iko chini yangu upande huu, na tukigeuka nitaona Kawangware, pengine hata paa la Mama Njoki. Nikamwambia sawa, nitaangalia.

Tulikuwa juu karibu saa nzima. Mpaka leo watu wakisikia habari hii huniuliza mitaa yetu ilionekanaje kutoka kule juu, na wajukuu ndio hawaniachi. Huwaambia ukweli, nao hukasirika. Sijui ilionekanaje. Nilikuwa naangalia geji.